UZI: Misuli kuisha si kukosa protini tu. Tuzungumze usafi wa ndani ya seli, kufunga, mazoezi na dawa zinazouziba

Mnazi Mkinda (mleta mada)

Wakuu salaam.

Kuna video inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Jamaa kavaa koti jeupe anasema ukifunga saa 16 seli zako "zinajila zenyewe", taka zote zinatoka na misuli inarudi ya kijana wa miaka 20. Nimetumiwa na wagonjwa, nimetumiwa na shemeji, hadi katibu wa kikundi chetu cha kuzikana kanitumia. Mimi kazi yangu ni tiba ya viungo. Nashinda na waliopata kiharusi, waliovunjika nyonga, wazee waliotoka kulazwa wakashindwa kuinuka kitandani. Nimeona nishushe uzi kabla mzee wa mtu hajaacha kula chakula cha usiku kwa sababu ya video.

Jambo lenyewe, linaitwa otofaji, ni la kweli na lina tuzo yake ya Nobel. Maelezo yanayolizunguka ndiyo yametiwa chumvi.

Mtu mzima mwenye afya, karibu asilimia 40 ya uzito wake ni misuli iliyoshikana na mifupa. Kila siku kama asilimia 1 hadi 2 ya protini za humo zinavunjwa na kuundwa upya. Sasa angalia tofauti: ngozi ikichakaa inapukutika, utumbo unabadilisha seli za ukuta wake ndani ya siku chache. Uzi wa msuli hauna bahati hiyo. Ni seli ndefu yenye viini vingi, haigawanyiki, unakaa nayo miaka na miaka. Kwa hiyo matengenezo yanafanyika ikiwa kazini, huku unatembea nayo.

Kuna mitambo miwili. Wa kwanza unaitwa proteasomu: protini iliyochoka inabandikwa alama ya ubikwitini, inapelekwa pale inakatwakatwa. Waliofumbua hiyo alama walipata Nobel ya Kemia 2004. Mtambo huo unameza protini mojamoja. Mitokondria (kinu cha nishati cha seli) iliyoharibika haipiti, wala bonge la protini zilizogandamana. Hapo ndipo inaingia otofaji. Utando wa tabaka mbili unaanza kuota kando ya kile kibovu, unakizunguka, unajifunga ukawa kifuko. Kifuko kinasafirishwa hadi kwenye laisosomu, chumba chenye asidi na vimeng'enya, kinamwaga mzigo, unasagwa, amino asidi, yale matofali ya protini, zinarudi kutumika. Ukitaka picha, fikiria mtaa wa Gerezani pale Dar, kwa mafundi wa magari: gari likifa halitupwi, linafunguliwa, na kufikia jioni spea zake zinatembea kwenye magari mengine.

Laisosomu aliigundua Mbelgiji Christian de Duve mwaka 1955, na jina la otofaji kalitoa yeye 1963. Kisha mambo yakalala. Aliyeyaamsha ni Yoshinori Ohsumi, Mjapani, aliyeanzisha maabara yake 1988 akiwa na umri ambao wengi wameshakuwa maprofesa wakubwa. Akachukua hamira, hii hii ya kuumulia maandazi. Akatafuta aina isiyo na vimeng'enya vya kusagia, akainyima chakula, akaweka chini ya darubini ya kawaida. Baada ya saa chache chumba cha kusagia kikajaa vipunje vinavyochezacheza: mizigo imefika, hakuna wa kuisaga. Hapo ndipo otofaji ilipoonekana kwa macho. Mwaka 1993 yeye na mwanafunzi wake wakatoa orodha ya hamira 15 zenye hitilafu kwenye kazi hiyo, na Nobel ikaja 2016. Na sisi wanadamu tuna jeni za ukoo huo huo.

Nitaendelea. Maswali yaje.

Kijiti cha Mwisho

Siti ya mbele nimekaa. Tiririka mkuu.

Chuma_Sinza

Mkuu nimesoma yote lakini hapa sijaelewa. Mimi ni mtu wa gym. Kama seli inavunja protini zake si ndiyo inanila misuli niliyoijenga kwa jasho? Mimi nakula kila baada ya saa tatu, saa 8 usiku naamka napiga sheki ya protini, makusudi huo mtambo usiwake. Nakosea wapi?

Mnazi Mkinda

Chuma, umeuliza swali walilokuwa nalo watafiti wenyewe.

Mwaka 2007 ilishajulikana kwamba misuli ikikonda kwa njaa au kwa kukatwa neva, kuna protini inaitwa FoxO3 inaingia kwenye viini na kuwasha jeni za otofaji. Mtu yeyote angepiga hesabu yako: izime otofaji, misuli itabaki. Kundi la Marco Sandri pale Padova, Italia, likatengeneza panya waliofutwa jeni ya Atg7 kwenye misuli peke yake. Bila Atg7 kile kifuko hakijifungi. Majibu yakatoka 2009 na yalikuwa kinyume. Misuli ilisinyaa na nguvu zikashuka. Chini ya darubini mitokondria zimevimba, mistari ya msuli imevurugika, protini zilizobandikwa alama ya kutupwa zimerundikana. Watafiti wakawakata panya neva ya mguu, wakidhani angalau hapo misuli itapona: wasio na otofaji wakakonda *zaidi* ya wenzao.

Maana yake ni kwamba kiwango cha chini cha otofaji kinachoendelea kila saa ndicho kinachokuachia huo msuli unaojivunia. Ikizidi nayo ni balaa. Kwenye kansa iliyosambaa au maambukizi makali ya damu, kuvunja kunapita kuunda na mtu anaisha huku unamwangalia. Kwa hiyo ukisikia mtu anauza kitu cha "kuongeza otofaji", muulize kwanza: kwa nani, na kwa kiasi gani?

Kuhusu ratiba yako. Ukila protini, hasa yenye amino asidi ya lusini, na insulini ikapanda, kuna swichi inaitwa mTOR inawaka: ujenzi unaanza, otofaji inabanwa. Nishati ikipungua, kama unapokimbia, inawaka swichi nyingine, AMPK, na otofaji inafunguliwa. Mwili umezoea kuzipishanisha. Hiyo sheki ya saa 8 usiku sioni inakusaidia nini. Lala.

Na mazoezi yenyewe ni sehemu ya usafi. Unaposhusha chuma taratibu, msuli unavutwa huku umekaza. Kwenye Z-diski, zile kuta zinazoshikilia nyuzi ndogo za ndani, kuna protini inaitwa filamini. Inavutwa hadi mkunjo wake unafumuka. Protini nyingine, BAG3, inaitambua ile iliyofumuka, inaikabidhi kwa otofaji, na wakati huohuo filamini mpya inaundwa kujaza pengo. Kuna watoto wachache duniani waliozaliwa na hitilafu moja kwenye BAG3. Misuli yao inadhoofika wakiwa bado wadogo, na moyo pia unaathirika. Kila seti unayopiga inategemea huyo bwana.

Mama Zuhura

Assalaam aleikum. Mwanangu Mnazi, mie nina miaka 58, Ramadhani nafunga yote na Sita naunga. Hao wa video wanasema nafaidika, binti yangu naye anasema nitamalizika misuli. Nishike lipi?

Mnazi Mkinda

Wa aleikum salaam mama, shikamoo.

Ibada yako usiiweke kwenye mizani ya seli, hiyo ina hesabu zake. Nikuambie upande wa mwili tu.

Ushahidi mzuri wa njaa kuwasha otofaji kwenye misuli unatoka kwa panya. Mwaka 2004 Noboru Mizushima na wenzake walitengeneza panya ambao vile vifuko vinang'aa kijani chini ya darubini, wakawanyima chakula. Ndani ya saa 24 misuli inayokaza haraka ilikuwa imejaa nukta za kijani. Msuli wa soleasi, ule wa ndani ya shavu la mguu unaokushikilia ukisimama, ulibaki nyuma. Ila panya ana gramu 25 hivi na moto wake wa ndani ni mkali. Siku nzima bila chakula inamwondolea zaidi ya asilimia 10 ya uzito. Wewe kutoka alfajiri hadi magharibi, kwa huku kwetu karibu na Ikweta ni saa 13 na ushee. Muda huo mwili wako unatumia kwanza akiba ya sukari ya ini na mafuta. Namba "16" inayotajwa kwenye video kama vile kuna kengele inalia, haina msingi kwenye misuli ya binadamu.

Kwa hiyo hutapata misuli ya msichana, na hutamalizika pia. Kinachowamaliza akina mama wa umri wako mwezi ule ni futari ya wanga mtupu na kulala mchana kutwa. Mihogo, viazi, tambi, mikate ya kumimina, vyote vitamu, lakini weka samaki au kunde au mayai futari *na* daku, halafu tarawehe usiikimbie.

Mama Zuhura

Marahaba mwanangu. Tambi umenigusa.

Mzee wa Hoja

Naomba kutofautiana. Panya, hamira, panya tena. Mleta mada anatuletea maabara za Italia na Japani, binadamu yuko wapi?

Mnazi Mkinda

Hoja nzito, na inajibika kwa njia ambayo haikuhitaji maabara. Angalia watu waliozaliwa mtambo huu umekatika mahali fulani.

Ugonjwa wa Pompe: mtoto anakosa kimeng'enya kimoja tu ndani ya laisosomu, kile cha kuvunja glaikojeni, sukari ya akiba ya mwili. Glaikojeni inarundikana, laisosomu zinavimba, mwishowe otofaji yote inakwama. Mtoto analegea kama hana mifupa, moyo unatanuka. Daktari Pompe wa Uholanzi aliueleza 1932, sababu ikajulikana 1963, na tangu 2006 kuna kimeng'enya cha kuchoma kwa dripu. Ugonjwa wa Danon: inakosekana protini ya ukuta wa laisosomu inayoitwa LAMP-2, vifuko vinajazana bila kusagwa, vijana wa kiume wanapata udhaifu wa misuli na moyo mnene mapema. Hao ni watu, si panya.

Kuna la tatu ambalo mimi ndilo linaloniumiza kichwa. Ni udhaifu wa misuli wa kurithi unaotokana na hitilafu ya kolajeni ya namba 6, protini inayoshikamanisha tishu. Kolajeni hiyo iko *nje* ya seli, lakini watu wa Padova walionyesha 2010 kwamba ndani ya seli otofaji imelala na mitokondria mbovu zimebaki. Panya wenye tatizo hilo wakapewa chakula chenye protini kidogo, otofaji ikaamka na misuli ikapata nafuu. Baadaye wakapima kwa wagonjwa wachache mlo wa aina hiyo kwa uangalizi, na dalili za otofaji zikapanda. Lakini panya haohao wakikimbizwa sana misuli inaharibika zaidi, kwa sababu mazoezi yanazalisha uchafu ambao hawana uwezo wa kuusafisha. Sasa mimi wa tiba ya viungo, niliyefundishwa "mazoezi kwanza", nikilijua hilo siwezi kumpa kila mgonjwa programu ileile.

Nesi_Mstaafu

Wanangu, mmesahau dawa. Nimefanya kazi wodini enzi za klorokwini, ile ya kuwashwa mwili mzima usiku kucha. Siku tatu za malaria hazikumdhuru mtu misuli. Bara tuliiacha 2001, Kenya waliiacha mapema zaidi, 1998. Ila wapo waliokuwa wakiinywa miaka kwa ajili ya baridi yabisi au lupasi, na ndugu yake haidroksiklorokwini inatumika mpaka leo. Baadhi yao, wachache, walikuja wanalalamika hawawezi kupanda ngazi wala kuinuka kwenye kigoda. Ukisoma majibu ya kipande cha msuli: matundumatundu.

Dawa ya gauti nayo, kolchisini. Mgonjwa figo zimechoka, anaendelea na dozi ileile, au kaongezewa klarithromaisini ya kifua, mara mapaja yanakosa nguvu. Watu wanasema uzee.

Mnazi Mkinda

Shikamoo nesi. Umeleta kitu kikubwa, na acha nikiunganishe na swali la Mzee wa Hoja.

Klorokwini inaingia kwenye laisosomu na kuiondolea asidi, vimeng'enya vinashindwa kufanya kazi. Kolchisini inavunja zile reli ndogo ambazo vifuko vinasafiri juu yake, kwa hiyo mzigo unafungwa lakini haufiki. Matokeo ni yaleyale ya hamira ya Ohsumi: mizigo imejaa, msagaji hayupo. Ndiyo hayo matundumatundu.

Na dawa hizohizo ndizo watafiti wanazozitumia kupimia. Ukikata kipande cha msuli ukaona vifuko vingi, huwezi kujua kama otofaji imeongezeka au imeziba. Kwa panya unamchoma kolchisini au klorokwini, unaziba makusudi, unahesabu vilivyorundikana kwa muda fulani, hapo unajua kasi. Kwa binadamu huwezi kumziba mtu misuli ili uandike ripoti. Unabaki na sindano nene kwenye paja na picha ya dakika moja. Ndiyo sababu majibu ya binadamu yanatatanisha. Mwaka 2012 kundi la Beth Levine kule Dallas lilionyesha panya akikimbia dakika 30 vifuko vinaongezeka kwenye misuli, na kwenye dakika 80 vinafika kilele. Kwa binadamu, ukichukua kipande mara tu baada ya mazoezi, alama ya vifuko inayoitwa LC3-II mara nyingi *inashuka*. Je, vimesagwa haraka, au havikutengenezwa? Picha moja haisemi. Mtu akikuhakikishia kwamba zoezi fulani la dakika fulani "limewasha otofaji yako kwa asilimia kadhaa", ujue hajakutoboa paja hata mara moja.

Mwenye kolchisini au haidroksiklorokwini asome hapa vizuri: usiache dawa kwa sababu ya uzi. Zinasaidia watu wengi na tatizo hili ni nadra. Mapaja au mabega yakianza kukosa nguvu, nenda useme dawa zote unazotumia, na uombe figo zipimwe.

Kibokoni Boy

Nawasoma nikiwa Mombasa. Vipi komamanga jamani? Hapa kwetu mtu wa duka la dawa ameniuzia vidonge, eti vinasafisha mitokondria.

Mnazi Mkinda

Komamanga lina kemikali ambazo bakteria wa utumbo huzigeuza kuwa urolithini A. Hiyo kwenye minyoo na panya iliamsha usafishaji wa mitokondria, ikachapishwa 2016. Tatizo: si kila mtu ana hao bakteria, unaweza kula gunia zima usitoke na kitu. Ndiyo maana wakatengeneza kidonge. Majaribio ya binadamu yaliyotoka 2022 yalidumu miezi minne. Kwa wazee, ustahimilivu wa misuli midogo waliyoipima uliongezeka, lakini umbali wa kutembea ndani ya dakika 6 haukuwazidi kwa maana waliopewa kidonge bandia. Waliofadhili ni wauzaji wenyewe. Mimi ningekula komamanga kwa sababu ni tamu, na hela ya vidonge ninunulie samaki.

Kibokoni Boy

Haya, vidonge nampelekea mamamkwe.

Binti wa Masasi

Mkuu naomba nisaidie kabla uzi haujafungwa. Mama yangu ana miaka 71, alilazwa kwa nimonia karibu wiki mbili. Kapona kifua lakini miguu imeisha, anatembea kwa kushika ukuta. Kaka yangu kaona hiyo video, anataka mama aanze kufunga saa 16 "atoe sumu". Anatumia dawa ya presha tu. Figo walisema nzima, sukari hana.

Mnazi Mkinda

Dada pole, na mpe mama shikamoo yangu. Mwambie kaka aache kabisa, leo.

Wazee wenye afya tu, wakilazwa kitandani siku 10 kwa ajili ya utafiti, walipoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguu. Mama alikuwa anaumwa juu yake. Kwake kuvunja tayari kumezidi kuunda. Kumnyima chakula ni kusukuma upande uleule. Pia zile seli za akiba zinazokarabati misuli, zikizeeka otofaji yake inalegea na zinashindwa kuamka. Kundi moja la Barcelona lilionyesha hilo 2016, kwa panya wazee. Hazihitaji njaa. Zinahitaji mguu utumike na malighafi iwepo.

Chakula: wazee wanashauriwa gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa mwenye figo nzima. Mama akiwa na kilo 55, ni gramu 55 hadi 66. Yai moja lina kama 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, samaki na dagaa vinakubeba zaidi. Gawanya kwenye milo yote mitatu. Uji wa asubuhi usiwe mweupe mtupu, tia karanga zilizosagwa au maziwa. Kati ya chakula cha usiku na chai ya asubuhi atakaa saa 10 au 11 amelala, huo mfungo unamtosha.

Mazoezi: kukaa na kusimama kwenye kiti. Mikono akiweza aikunje kifuani, asipoweza ashike meza. Aanze na mara chache asizochoka, apumzike, arudie, asubuhi na jioni. Kushuka kukaa kuwe *taratibu* kuliko kusimama, filamini na BAG3 nilizomwandikia Chuma ziko hapo. Akizoea, ongezea kutembea uani, halafu ngazi moja.

Akipata kizunguzungu akisimama, dawa ya presha ikaangaliwe dozi, maana kapungua uzito. Akivimba miguu au pumzi ikikata, simamisha na mrudishe hospitali.

Binti wa Masasi

Ahsante sana mkuu. Kaka nimemtumia hii. Kiti chetu ni cha plastiki, kinafaa?

Mnazi Mkinda

Hapana, kinateleza na miguu yake inapinda. Tafuta cha mbao, kisiwe kifupi kama kigoda, kiegemeze ukutani. Na siku za kwanza usimame mbele yake.